Mishipa ya Huruma ya Bwana Seif

Nimestaafu. Wenzangu wa wodini wamenifanyia tafrija na kunipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyekwisha ambiwa asije tena kazini ana haja ya kujua saa. Katika hotuba zao walivitaja vyeo nilivyopanda, na hawakusema uongo, ila vyeo havina hadithi. Mtu hupanda cheo kwa sababu aliyekuwa juu yake amekufa au amehamishwa. Hayo nayaruka. Nawaandikia ninyi vijana mnaoning'iniza kipimo shingoni hata mkienda sokoni, mjue kazi tuliikutaje, na hasa mjue habari ya mgonjwa mmoja ambaye presha yake ilifika hadi kwa Kadhi.

Niliingia kazini miaka ya hamsini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, katika hospitali moja ya Tanga ambayo jina lake naliacha, maana wajukuu wa hawa ninaowataja bado wanatibiwa pale. Nilikuwa nimeteremka kutoka Ushambaani, mtoto wa Kilutheri, najua kusoma, kuimba sauti ya tatu na kuiogopa bahari. Nikapanga chumba Ngamiani, katika nyumba iliyokuwa na kuku wengi kuliko watu. Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa kwa dresa mkuu, yaani mkuu wa wauguzi wafunga vidonda, Mzee Rajabu, Mdigo mfupi mwenye kofia safi na ulimi mchafu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mgosi," akaniita kwa neno la kwetu la kumwita mwanamume. "Wajua kuchemsha maji?"

"Najua."

"Hujui. Kwenu huko kwenye baridi mwayaota tu. Haya, njoo."

Kumbe kweli nilikuwa sijui. Juma zima sikushika mgonjwa, nilichemsha. Makasi yalikuwa na sufuria yake, sindano na yake, koleo na yake, na jiko la mafuta ya taa lililotaka kupampuliwa kila mara lilikuwa likizimika hasa pale daktari anaponyoosha mkono kudai kitu. Glavu za mpira hatukuzitupa. Tulizifua, tukazijaza maji kutafuta tundu, tukazitia viraka kama mpira wa baiskeli, kisha tukazipaka poda. Ninyi leo mnavua glavu mnatupa kwenye ndoo bila hata kuiaga. Sisemi mnakosea, nasema tu nikiona moyo unaniuma.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kipimo cha presha, sanduku la mbao lenye bomba la kioo na zebaki ndani. Mzee Rajabu alikiita Bibi, kwa kuwa kilijua kununa, na hakumruhusu mtu kukibeba kwa mkono mmoja. Alinifundisha kwamba presha haipimwi mara moja. "Ukipima mara ya kwanza," alisema, "wapima woga wa mtu. Ukipima mara ya pili wapima hamu yake ya kwenda nyumbani. Ya tatu ndiyo presha." Alinifundisha pia kutompima mgonjwa daktari akiwa amesimama pale, maana zebaki ilikuwa ikimwona Mzungu inaruka. Kwa elimu hiyo Mzee Rajabu hakupata cheti, na alistahili kunyimwa, kwa kuwa aliamini vilevile kwamba zebaki hupanda zaidi siku ya Ijumaa.

Kisha akaja daktari mpya wa upasuaji. Jina lake la kizungu lilikuwa na herufi nyingi, sisi tukamwita Bwana Mkasi. Alikuwa kijana, mrefu, mwenye masikio mekundu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni: "Mimi kata, wewe pona." Huko kwao alikuwa amejifunza upasuaji wa presha, jambo ambalo kwetu lilikuwa halijasikika, naye alikuwa na kiu ya kumpata mtu wa kumfanyia. Alitembea wodini akiwaangalia wanene kwa tamaa.

Siwezi kumdharau katika elimu yake, maana mengi aliyosema mwayasoma hata leo. Alituchorea kwa chaki ukutani mwa chumba cha madresa, karani akitufasiria. Figo likiugua, alisema, halinyamazi. Lina mishipa ya fahamu inayopeleka malalamiko hadi kwenye ubongo. Ubongo, badala ya kuuliza kuna nini, hutuma amri kwa njia ya mishipa mingine iteremkayo kandokando ya uti wa mgongo: kazeni. Mishipa ya damu inakaza mwili mzima, moyo unapiga kwa nguvu, na figo lenyewe likibanwa linazuia chumvi na maji visitoke. Presha inapanda, figo linazidi kuumia, na likizidi kuumia linazidi kulalamika.

"Kama mpangaji na mwenye nyumba," akasema Mzee Rajabu. "Mpangaji alalamika paa lavuja, mwenye nyumba apandisha kodi."

Karani alipomfasiria, Bwana Mkasi alifurahi mno akaandika maneno hayo kwenye kitabu chake. Kumponya mpangaji hakuweza, wala kumnyamazisha mwenye nyumba. Dawa za kuzima amri zile tulizisikia kwa mbali tu. Alichoweza ni kukata waya wa simu kati yao. Na waya huo, yaani ile mishipa ya fahamu, ulikuwa na jina la kitabuni: simpathetiki.

Jina hilo ndilo lililotuletea balaa, nami nitaeleza polepole. Kwa madaktari ni jina la mishipa tu, kama vile mtu kuitwa Furaha na asicheke maisha yake yote. Lakini kwa Kiingereza cha watu wa kawaida, simpathetiki ni mtu mwenye kuwaonea wenzake imani, yaani huruma. Na mkalimani wetu, karani mkuu Bwana Kleopa, alikuwa amekijua Kiingereza cha watu wa kawaida kwa kiwango cha juu kabisa. Alikuwa Mbondei aliyesoma misheni, akapewa zawadi ya usomaji mzuri, na kutoka siku ile hakukubali kwamba liko neno la Kiingereza linaloweza kumpita. Alivaa tai hata nyumbani.

Sasa ingia Bwana Seif. Wazee wake walitoka Omani, yeye akazaliwa Tanga, na alikuwa na nyumba za kupangisha Ngamiani nzima na minazi upande wa Pongwe. Kwa ugumu alijulikana mpaka Horohoro. Uani kwa wapangaji wake kulikuwa na kisima, naye wakigombana aliondoka na kamba ya ndoo. Mke wa mpangaji akijifungua, alipeleka salamu za pongezi na kuuliza kama huyo mtoto atahesabiwa mpangaji. Aliletwa kwetu kichwa kikimpasuka, macho yana ukungu, pua ikitoka damu, miguu imevimba. Nilimpima mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na zote zebaki ilitaka kutoka juu ya kioo. Mkojo na picha vikaonyesha figo zote mbili zimechakaa kwa maradhi ya zamani, kwa hiyo hapakuwa na figo la kutoa. Bwana Mkasi alisema asipotibiwa atapofuka, kisha atakufa, na hatangoja sana.

Kwanza tulimjaribu kwa chakula, ndiyo iliyokuwa desturi: wali mtupu bila chumvi, siku nenda siku rudi. Mtu wa Tanga kumnyima chumvi, nazi na samaki wa ng'onda ni kumfunga bila kesi. Alitulaani kwa Kiarabu, akimaliza anatulaani kwa Kiswahili ili tuelewe. Presha ikashuka kidogo kisha ikagoma. Hapo Bwana Mkasi akaja na Kleopa kuomba ridhaa ya kupasua.

Daktari alisimama miguuni pa kitanda akasema maneno marefu. Kleopa aliyapokea amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Bwana Seif, daktari asema atakupasua mgongoni akukate mishipa."

"Mshipa sina," akasema Bwana Seif. "Nani kawaambia nina mshipa? Nimekuja hapa na kichwa."

Kwa ninyi mliotoka bara: mshipa kwetu pwani ni neno la kazi nyingi. Upitishao damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, na mwanamume aliyevimba pale pasipotajwa mbele za watu, naye huambiwa ana mshipa. Bwana Seif alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili.

"Si huo," Kleopa akasema upesi. Akamuuliza daktari ni mishipa gani hasa. Daktari akataja jina. Uso wa Kleopa ukang'aa. "Ni mishipa ya huruma."

"Ya nini?"

"Ya huruma, Bwana Seif. Daktari asema yako inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo ikuuayo."

Mtu wa kitanda cha pili alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha pumu. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, nikaliangalia beseni. Nilidhani Bwana Seif atamfukuza Kleopa kwa fimbo. Badala yake alijilaza kwenye mto, akaangalia dari.

"Kumbe," akasema. "Na watu waniita mgumu."

Kutoka hapo kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa: Mzungu amempima kwa mashine, akaona huruma imemzidi. Jioni habari ilikuwa imeenea Ngamiani. Kesho yake wakati wa kutazama wagonjwa, wapangaji wake walikuja wengi kuliko ndugu zake, nao hawakumwendea yeye, walimwendea Mzee Rajabu. Mwanamke mmoja wa Kizigua akasema kwa niaba ya wenzake: "Mzee wangu, tuombee kwa daktari aache. Ikiwa hivi ndivyo alivyo na huruma imemzidi, ikikatwa sisi tutahamia wapi?" Mzee Rajabu alimwahidi kulifikisha.

Nami nilicheka, tena sana. Sikujua kwamba kuna mtu mmoja Ngamiani ambaye hakucheka.

Bwana Seif alikuwa na binti aitwaye Zuena, kitinda mimba wake, ambaye mama yake alikwisha kufa. Alikuwa amesoma mpaka alipovunja ungo, kisha akawekwa ndani. Aliposwa na mwalimu Hamisi, Mdigo wa upande wa Horohoro aliyefundisha shule ya Pongwe, kijana mwenye adabu na baiskeli. Bwana Seif alikataa kwa sentensi moja, kwamba huyo si kufu yao, maana yake hakulingana nao kwa nasaba. Posa ikarudishwa. Baada ya hapo akatajwa binamu mmoja wa Pemba, mjane, mwenye umri wa babake, na Zuena aliambiwa ajiandae. Kwa huyo binti hili halikuwa jambo la kuchekea. Baba akifa, angeozwa Pemba kwa wasia. Akipona, angeozwa Pemba kwa amri.

Alikuja wodini amejifunika buibui, pamoja na ami yake Khalfan, mdogo wake Bwana Seif, mtu mpole aliyemwogopa kaka yake kuliko mauti. Nilikuwa nimemfunga mgonjwa kipimo mkononi na zebaki imesimama juu.

"Sabalkheri, baba," Zuena akasema. "Ni kweli watakukata huruma?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Yote?"

"Kushoto kwanza. Kulia baadaye, nikiamka."

Akakisogelea kitanda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini wote tuliokuwa pale tulisikia: "Basi baba, kabla hawajaikata, itumie."

"Niitumie kwa nani?"

"Kwangu. Niozeshe kwa Hamisi."

Zebaki niliiona kwa macho yangu ikipanda jina lile lilipotajwa. Mzee Rajabu alikuwa nyuma yangu, naye aliiona. Bwana Seif aligeuza uso ukutani. Ami Khalfan alitazama mlango, akikadiria mbio zake. Nikaulegeza ule mpira, nikaupampu tena.

"Haya," Bwana Seif akauambia ukuta. "Mwambieni alete wazee wake. Khalfan, umesikia. Na wewe dresa umesikia."

Nilisikia, na niliona pia. Nilimpima tena: zebaki ilikuwa imeshuka kuliko siku yoyote tangu alazwe. Katika kazi yangu yote sijaona dawa iliyofanya hivyo kwa upesi ule. Zuena aliubusu mkono wa baba yake akatoka analia, na mimi, ninayejidai mgumu wa macho, nilikwenda kuchemsha maji yasiyohitaji kuchemshwa.

Upasuaji ulifanywa siku iliyofuata. Etha, dawa ya usingizi, ilinuka hadi uani. Bwana Mkasi alipasua ubavuni, akatoa kipande cha ubavu, akasukuma mapafu pembeni kwa adabu, akaingia mpaka kando ya uti wa mgongo. Pale akatuonyesha uzi mweupe wenye mafundo mafundo. Mzee Rajabu alinong'ona kwamba amewahi kuuona uzi kama huo kwa mganga, ila ule ulikuwa mweusi. Daktari akaukata juu, akaukata chini, akauvuta taratibu kwa koleo. Kazi yangu ilikuwa kupima presha, nami nikatangaza kwamba inashuka, ikashuka tena, mpaka daktari akataka dawa ya kuiinua kidogo. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa furaha. Uzi wenyewe aliutia kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia, akaiweka dirishani mwa ofisi yake.

Alipoamka, mguu wa kushoto wa Bwana Seif ulikuwa wa moto na mkavu, na wa kulia baridi na wenye jasho. Hiyo ndiyo dalili kwamba mishipa hiyo imekatwa sawasawa: upande ule hautoi tena jasho, na damu inapita bila kubanwa. Akisimama ghafla alishikwa na kizunguzungu, tukamvalisha mshipi mpana tumboni na kumfundisha kuinuka kwa zamu, kukaa kwanza, kungoja, kisha kusimama. Kichwa kikaacha kuuma. Ukungu wa macho ukapungua mpaka akawa anatambua nani amekuja na nani hakuja. Akaruhusiwa kwenda nyumbani akapate nguvu, arudi kwa upande wa kulia.

Nyumbani akapata nguvu kweli. Wazee wa Hamisi walipokuja na posa wamevaa kanzu zao nzuri, Bwana Seif aliwakaribisha kahawa, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia: "Aliyekubali ni Seif mwenye huruma. Huyo daktari kamkata. Mimi sina habari naye. Kamdaini hospitali."

Wazee wale waliondoka na kahawa haijapoa. Ngamiani ikagawanyika. Wengine walisema huo ni udhalimu, wengine walisema la, kisheria mtu hawezi kudaiwa kitu alichokwisha kukatwa. Bwana Kleopa aliulizwa sana siku hizo, na alijibu kwa fahari kwamba tafsiri yake ilikuwa sahihi.

Zuena hakulia safari hii. Alimshika ami yake Khalfan mkono, akampeleka kwa Kadhi, na Kadhi akatuma mtu kutuita mimi, Kleopa na chupa. Tulidhani daktari atakataa. Alifurahi. Alidhani elimu yake imefika mahakamani, akaifuta chupa vumbi kwa leso yake mwenyewe.

Kadhi alikuwa mzee mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Aliishika chupa juu ya mwanga. "Hii ndiyo huruma ya Bwana Seif?"

"Ndiyo, Kadhi," akasema Kleopa.

"Mbona ndogo?"

"Ni ya kushoto tu, Kadhi."

Watu waliinamisha vichwa. Kadhi akaniuliza kama niliisikia ridhaa ya baba, nikasema niliisikia. Akamuuliza Khalfan, naye akamtazama kaka yake, akasema aliisikia, nadhani lilikuwa jambo la ushujaa kuliko yote aliyowahi kufanya. Ndipo Kadhi akamgeukia Bwana Seif.

"Wewe wasema aliyekubali si wewe."

"Mimi ni pungufu yake, Kadhi. Nimekatwa."

"Sawa. Mtu mzima kamili, neno lake humfunga. Mtu aliyepungukiwa, neno lake halimfungi. Lakini aliyepungukiwa hawi walii wa kumwoza binti, uwalii huenda kwa nduguye. Wala haachiwi mali yake aishike, isije ikapotea, huwekewa msimamizi. Nyumba, minazi, vyote." Akaiweka chupa chini taratibu. "Sasa niambie, kwako wewe mwenyewe: u mzima, ama umepungukiwa?"

Ami Khalfan alikaa vizuri kitini na kuinyoosha kofia yake. Bwana Seif alimwona.

"Ni mzima," akasema Bwana Seif. "Alhamdulillahi, nimepona kabisa."

Zuena akaolewa na mwalimu Hamisi kabla ya mfungo. Baba yake aliketi katika harusi na mshipi wake tumboni, akiinuka kwa zamu kama tulivyomfundisha, na kila alipoinuka watu walisubiri kuona kama atatangua ndoa. Hakutangua. Tanga nzima ilicheka mwezi mzima, na mimi nilikuwa mbele.

Kilichofuata hakikuchekesha. Siku ya kurudi hospitali kwa upande wa kulia ilifika, Bwana Seif hakuja. Bwana Mkasi alinituma, nikaambiwa mwenyewe asema hakatwi tena. Upande mmoja hautoshi, daktari alikuwa amelisema hilo tangu mwanzo: waya wa kulia bado uko mzima, figo linalalamikia huko, na amri zinapita. Nilizoea kwenda kwake baada ya kazi na Bibi, kile kipimo, begani, Zuena akiwa ameniomba. Kila nilipopima, zebaki ilikuwa imepanda kidogo kuliko mara ya nyuma. Watu walisema ameng'ang'ania nusu iliyobaki kwa kumwogopa Kadhi, na mimi niliamini hivyohivyo.

Jioni moja nilimkuta barazani, macho yameanza tena ukungu. Zuena alikuwa ndani, mja mzito, akimpikia uji usio na chumvi. Nikaona afadhali nimwambie.

"Bwana Seif, lile ni jina tu. Mishipa ile haina huruma wala ukatili. Bwana Kleopa alifasiri neno, hakufasiri kitu. Ukikatwa wa kulia hutapungukiwa chochote ila jasho. Njoo hospitali."

Alicheka, mara ya kwanza kumwona anacheka.

"Mgosi, wanidhania mjinga? Mtu niliyekaa na watu na nyumba umri wote huu, nisijue huruma haikai mgongoni?"

"Ulijua?"

"Tangu siku ile. Binti yangu aliponambia itumie, nilipata mlango wa kupitia. Mimi nilikuwa nataka kumpa. Tangu mamake afe nilikuwa nataka nimpe kitu, sijui chaanziwa wapi. Mtu kama mimi hawezi kuamka asubuhi akasema nimekosea, mji wote utamkanyaga. Nikasema ni mshipa. Kisha nikapona, nikawa Seif yuleyule, nikasema ni mshipa tena." Akanyoosha mguu wake wa kushoto, ule mkavu. "Sasa wataka nikatwe wa kulia. Nikikatwa, kila mtu atasema huruma imekwisha kabisa, nami nitakuwa na udhuru wa kufanya nitakalo. Najijua. Nitautumia. Maadamu nusu ipo, sina udhuru. Huyu Hamisi aja kunisomea gazeti kila Jumapili, nami namkaribisha. Wafikiri nafanya hivyo kwa kupenda?"

"Lakini presha itakuua."

"Itaniua nikiwa mkwe wa mtu. Na neno hili usimwambie Zuena. Mwache adhani namwogopa Kadhi."

Nilibisha, nikabisha tena, hata nikakasirika, nikamwambia huo ni upumbavu uliovaa kilemba. Akaniambia nimpime nikaende zangu. Alikufa kabla ya mvua za masika, damu ilipasuka kichwani, akiwa amekaa kwenye kiti chake barazani na mjukuu wa kiume mapajani. Bwana Mkasi alikuwa amehamishwa, na muda si mrefu vidonge vikaja, upasuaji ule ukaachwa, hata ninyi mkiusikia mnadhani ni hadithi za wazee. Kleopa alifasiri cheti cha kifo kwa wafiwa, bila kosa hata moja.

Nilikwenda matangani. Zuena alitoka kwa wanawake akaniita pembeni mwa ua, mtoto mgongoni.

"Kaka Danieli, nataka unambie kweli. Angekatwa upande wa pili, angepona?"

Sasa Zuena naye ametangulia mbele ya haki, ndiyo maana naandika. Bwana Mkasi angemjibu kwamba huenda, kwamba wengi wa namna yake walipata miaka. Mzee Rajabu angemjibu kwamba ilikuwa Ijumaa. Mimi nilikuwa nimeipima presha ile kwa mkono wangu ikishuka uzi wa kushoto ulipokatwa, na nilijua wa kulia ungeishusha zaidi.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Asingepona."

Vijana, nanyi mtaulizwa swali hilo siku moja, na kitabu chenu kitakuwa na jibu jingine. Mimi nilisema hapana, na Zuena angekuja kuniuliza tena kesho, ningesema hapana.